Mikono ya Mama: Kilimba cha soksi



Mwezi huu tunajibu barua moja iliyotoka upande wa Kolwezi. Mwenye kuandika ni binti anayefuma pamoja na wamama wa mutaa wake. Hatuandike jina lake wala jina la mutaa, maana wenyewe watajijua. Kwa kifupi anasema hivi: kikundi chao kiko na watu 12. Kila mwaka, mbele ya baridi ya mwezi wa sita, wanapiga kura. Kila mutu anafuma peya moja ya soksi kwa siri juu ya mwenzake, kisha wanakutana siku moja kupeana. Mwaka jana mama mumoja alifungua kifurushi chake, akakuta soksi moja inapita ingine kwa vidole viwili. Akazinyanyua mbele ya wote, akasema: "Bamama, muangalie! Huyu alizani niko na muguu moja ya mutoto!" Watu wakacheka sana. Aliyefuma zile soksi alikuwa binti wa miaka 16, mwanafunzi mupya katika kikundi. Naye alicheka pamoja nao. Tangu siku ile hajarudi.

Sasa wakati wa kura umefika tena, na binti mwenye kutuandikia anauliza: "Mama, tuache hii mambo ya kupeana, kila mutu afume ya nyumba yake tu? Ao kuko namna ingine?"

Binti yangu, musiache. Lakini musianze sawa vile mulianza mwaka jana. Nitakujibu, ila nitazunguka kidogo, maana soksi ni kitu kidogo chenye mambo mengi ndani.

Kwanza, musikubali mutu awaambie kwamba soksi za mukono ni mambo ya Wazungu wa fasi ya teluji. Lubumbashi iko juu ya metre 1200, Kolwezi inapita 1400. Mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na moja ya asubui, mwenye kutoka kwenda kazi anajua. Saruji ya nyumba inakuwa sawa barafu. Na mwenye kuvaa bote za mupira siku nzima, awe wa kampuni ao muchimbaji wa mukono, miguu yake inaloa kwa jasho ao kwa maji ya shimo, kisha inapoa. Katika vita ya 1914-1918 waaskari wengi waliharibika miguu hivyo hivyo, si kwa risasi lakini kwa kusimama na miguu yenye maji ndani ya mahandaki. Wakubwa wao walijifunza kuamuru kila mutu akaushe miguu na abadilishe soksi. Ndipo wanawake wa inchi nyingi wakafuma. Wale wa Australia peke yao walituma peya zaidi ya milioni 1, na wengi waliweka ndani ya soksi karatasi ndogo yenye maneno mawili matatu kwa askari wasiyemujua. Tazama, ni kupeana pia, na mwenye kupokea hakujua uso wa mwenye kufuma.

Soksi yenyewe ni ya zamani kuliko ile vita, na hata Afrika ilikuwako tangu zamani. Katika muji wa zamani wa Oxyrhynchus, inchi ya Misri, walichimbua soksi za sufu nyekundu za karne ya tatu hadi ya tano. Leo ziko London, katika jumba la Victoria and Albert Museum. Kidole kikubwa kiko na fasi yake peke yake, vingine viko pamoja, ili mutu avae kandambili juu yake. Zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, si kwa sindano mbili kama sisi, lakini mwenye kuziangalia anaona kisigino kimegeuzwa vizuri kabisa. Mama fulani wa Misri alijua kazi yake.

Kwetu hapa kazi hii iliingia zaidi kwa njia ya kambi. Katika kambi za Union Minière, ile ambayo nyuma ya 1967 ilikuja kuwa Gécamines, wake wa wafanyakazi walienda kwenye foyer kujifunza kushona, kupika na kufuma. Wazee wetu wengine bado wanahesabu kwa kifaransa cha foyer: maye androa, maye anvere. Kusema kweli, foyer ile ilitaka kufanya wamama wetu kuwa wanawake wa nyumba sawa vile Wabelgiji walitaka, na hawakutuuliza. Lakini mikono ilibaki na ufundi, na ufundi haukuondoka na wenye kuuleta. Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10000 wa Gécamines walitoka kwa ule mupango wa "kuondoka kwa mapenzi", nyumba nyingi zilikula kwa mikono ya mama: soko, shamba, masini ya kushona, na sindano pia.

Basi tufike kwenye kikundi chenu. Naona munafanya kitu chenye kufanana na kilimba, na hapo ndipo tatizo liko. Katika kilimba cha franka kila mutu anatia sawa na anapata sawa. Kama mumoja hakutia, tunajua deni yake ni ngapi. Soksi hazina hesabu ya namna hiyo. Mama mwenye miaka 30 katika kazi anamaliza peya kwa posho moja akizungumuza na watu. Binti anatumika mwezi muzima, kila magaribi nyuma ya masomo, anafumua, anafuma tena. Nani ametia zaidi? Mukitaka kila mutu apokee sawa na kile alichotoa, mutagombana kila mwaka. Mwenye kutaka soksi zisizo na kosa anunue sokoni, ziko, na hazina beyi ya nguvu. Katika kikundi anapokea mikono ya mutu. Hayo mupatane mbele ya kura, na musemeshe wazi, kwa mudomo, hata kama inaleta haya kidogo.

Lakini kuna mambo ya kupanga ambayo yanaondoa wivu zaidi kuliko mahubiri.

Uzi munununue pamoja. Kila mutu atie kiasi kilekile cha franka, na kila mutu apate peloti mbili za gramu 50, za aina moja, rangi tu ndiyo abadilishe. Gramu 100 za uzi wa katikati zinatosha peya ya mutu mukubwa, na zinabaki kidogo. Kama franka hazitoshi, kuna njia ingine: pullover kuukuu za soko ya nguo za kuvaliwa. Angalia ndani, kwa mushono wa ubavu. Kama kingo za kitambaa zimekatwa na makasi kisha zikashonwa kwa masini, uiache, maana kila mustari utakatika na utabaki na vipande vipande tu. Tafuta ile yenye vipande vilivyofumwa vyenye ukingo wake muzima, ambayo mushono unafunguka kwa kuvuta uzi mumoja. Angalia tena kama sufu haikugandamana kwa maji ya moto, ikigandamana haifumuki. Fumua, zungusha kwa mugongo wa kiti, funga fasi nne, osha kwa maji ya vuguvugu, tundika na kitu kizito kidogo chini ili uzi unyooke. Ikikauka, fanya peloti. Pullover moja ya muzee inatoa peya tatu.

Na musiongeze kitu kingine ndani ya kifurushi. Si sabuni ya harufu, si bonbo, si kikombe. Mwenye duka ataongeza, mujane hataongeza, na hapo soksi zimesahaulika.

Sindano: kazi ya soksi inataka sindano tano fupi zenye ncha mbili. Wenye kukosa wanachonga za mwanzi na kuzisugua kwa karatasi ya musasa, ao wanatumia rayo za kinga. Rayo iko na milimetre 2 hivi, kwa hiyo inafaa uzi mwembamba. Kwa uzi wa katikati tafuta milimetre 3 ao 3 na nusu.

Kura. Musitie karatasi ndani ya kofia, maana kila mwaka mutu anatosha jina lake mwenyewe na siri inakufa. Fanyeni hivi: kila mumoja anatayarisha baasha yake, anaifunga. Mama mumoja asiyefuma katika kikundi anazichanganya, anazipanga kwa muzunguko juu ya meza, kisha kila mutu anapewa baasha inayofuata yake. Hakuna mwenye kujipata mwenyewe, hakuna mwenye kukosa. Yule mama anaandika mupango wote katika kaye yake na anafunga mudomo. Kazi yake ya pili ni kupita nyumba kwa nyumba katikati ya mwezi kuangalia kama kila soksi inaendelea.

Ndani ya baasha kuwe nyuzi mbili. Wa kwanza unazungusha muguu fasi ile ni pana, karibu na shina la vidole, na unakata hapo. Wa pili unapima tangu kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, umesimama, si kukaa. Musiandike namba ya kiatu tu. Namba 39 ni karibu sentimetre 25, 42 ni karibu 27, lakini viatu vingine vinadanganya, na wengi wetu tunavaa kile tulichopata. Uzi haudanganye. Juu ya karatasi andika pia nani atazivaa na kazi yake ni gani. Hapa ninaomba musome pole pole.

Kama soksi ni za baba ao kijana anayetumika karibu na tanuru ya kuyeyusha shaba, ao kwa kulehemu vyuma, musifume kwa akriliki wala nailoni. Nyuzi hizo cheche ikianguka zinayeyuka na kushikamana na ngozi. Sufu ya kondoo ya kweli haiwake upesi, na hata ikiloa bado inashika joto. Ya akriliki ni nzuri kwa mutoto wa masomo, inakauka upesi na haipunguke kwa kuosha. Namna ya kujua, kama etiketi haiko: kata kipande kidogo cha uzi, ukishike na koleo, ukiwashe inje ya nyumba. Sufu inanuka sawa nywele zenye kuungua, na jivu lake linasagika kwa vidole. Akriliki inaacha kipande kigumu cheusi.

Kama soksi ni za mutu mwenye ugonjwa wa sukari, ufungio wa juu usikaze hata kidogo, na ndani kusiwe fundo wala mushono munene. Mutu huyo anaweza kupata kidonda muguuni bila kusikia, na kidonda chake ni nguvu kupona. Kwake afume mwenye mukono uliozoea. Mama wa kaye anaruhusiwa kubadilisha baasha mbili kwa ajili hiyo.

Sasa namba. Fuma kwanza kipande cha kujaribu, sentimetre 12 kwa 12, uhesabu vitanzi katika sentimetre 10. Tuseme unapata 22. Muguu wa mwenzako uko na muzunguko wa sentimetre 24. Soksi inapaswa kuwa ndogo kuliko muguu kwa sehemu moja juu ya kumi, kama sivyo itaanguka na kukunjana ndani ya kiatu. Inabaki 21 na nusu hivi. Mara 22, gawa kwa 10: 47 na kitu. Chukua 48, maana inagawanyika kwa 4.

Pandisha vitanzi 48 bila kukaza, vigawe juu ya sindano nne, 12 kila moja. Fuma viwili vya uso na viwili vya mugongo mpaka sentimetre 5, kisha vya uso tu mpaka urefu wa shina unaotaka. Kisigino: chukua vitanzi 24, fuma kwenda na kurudi mistari 24, kila mwanzo wa mustari pitisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma. Utakuwa na minyororo 12 kila ubavu. Halafu geuza. Fuma 14, unganisha viwili, fuma 1, geuka. Pitisha 1, fuma 5 kwa mugongo, unganisha viwili, fuma 1, geuka. Pitisha 1, fuma 6, unganisha kile cha mbele ya nafasi na kile cha nyuma yake, fuma 1, geuka. Endelea hivyo, kila mustari ongeza kimoja katikati, mpaka vya pembeni viishe. Mistari miwili ya mwisho haina kitanzi cha kufuma nyuma ya kuunganisha, usishangae. Utabaki na 14. Okota 12 kwa kila ubavu wa kisigino. Pamoja na 24 vya juu ya muguu unapata 62. Kila muzunguko wa pili punguza kimoja kila upande mpaka urudi 48. Ni mara 7.

Fuma unyayo mpaka ubaki na sentimetre 6 mbele ya ncha ya uzi ule wa urefu: tano ni za vidole, na moja unaiacha kwa sababu soksi inavutika. Kwa vidole punguza vitanzi 4 kila muzunguko wa pili mpaka 24, kisha kila muzunguko mpaka 12. Sita vya juu na sita vya chini unaviunganisha kwa sindano ya kushona, kitanzi kwa kitanzi, bila kufanya ukingo wa kuumiza kidole. Mushono huo kwa kiingereza unabeba jina la Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza aliyekufa baharini mwaka 1916.

Wanafunzi wapya wasianze na kisigino. Kuna soksi isiyo na kisigino: viwili vya uso na viwili vya mugongo tangu mwanzo hadi vidole, na kila muzunguko wa nne unasogeza mupango kwa kitanzi kimoja. Inajizungusha sawa kamba, na inaingia kwa muguu wowote. Wamama wawili wenye uzoefu wafume peya moja moja ya namna hiyo kama akiba, ziwekwe kwa mama wa kaye. Mutu akigonjwa, akifiwa, akihama, mwenzake hatakaa mikono mitupu siku ile, na hakuna atakayeuliza nani hakumaliza.

Sasa ile soksi iliyopita ingine kwa vidole viwili. Watu walicheka wakizani binti hakuhesabu. Mimi ninaamini anaweza kuwa alihesabu vizuri kabisa. Nisikilizeni. Mwanafunzi anapoanza, mukono wake uko wazi, vitanzi ni vikubwa. Soksi ya pili inamukuta amejifunza, amekaza, pengine na woga wa siku kufika. Tuseme ya kwanza ilikuwa na mizunguko 26 katika sentimetre 10, ya pili 30. Afume shina la mizunguko 60 kwa soksi zote mbili, bila kukosa hata mumoja: la kwanza litakuwa sentimetre 23, la pili 20. Ndiyo vidole vyenu viwili. Hesabu ni sawa, mukono ndio umekomaa. Soksi fupi ndiyo iliyofumwa vizuri.

Kwa hiyo kuanzia mwaka huu kila mutu, hata muzee, asimalize soksi moja ndiyo aanze ingine. Fuma ufungio wa kwanza, kisha wa pili kwa sindano zingine. Shina kwa shina. Kisigino kwa kisigino. Vitanzi vinavyongoja vikae juu ya uzi wa rangi ingine. Na kila fasi pima kwa sentimetre pamoja na kuhesabu. Hata wale wasiopenda soksi ya pili, na ni wengi, wataona inatoka bila kusikia uzito wake.

Na yule binti wa miaka 16. Musimwandikie barua ya kikundi, musiende wote 11 nyumbani kwake sawa watu wa matanga. Mimi ningemutuma mama yule yule aliyezinyanyua, peke yake, magaribi, na zile soksi mbili ndani ya kapo pamoja na sindano tano. Asianze na maneno marefu. Amuambie: "Binti yangu, hii ndefu inaniangukia. Nilitaka unisaidie kuipunguza, uzi ni wako na mukono ni wako." Ni kazi ya saa mbili. Mukate kitanzi kimoja tu, sentimetre 3 chini ya ufungio, muvute uzi polepole kuzunguka mpaka ufungio utoke wote. Vitanzi 48 vitabaki wazi. Muviokote juu ya sindano mara moja, kimoja kimoja, visikimbie. Kisha mufume ufungio mupya kwenda juu, viwili vya uso viwili vya mugongo, sentimetre 5, mufunge bila kukaza. Uzi uliotoka unatosha na unapita.

Kama atakubali kurudi, baasha yake iingie kati ya zingine bila alama yoyote, na asipewe soksi rahisi kuliko wengine isipokuwa mwenyewe amelomba. Kama hatakubali mwaka huu, mama yule amwachie peloti moja na aende nyumbani.

Mwezi kesho tutafuma kofia ya mutoto muchanga, na nitawajibu wale wa Likasi juu ya uzi wenye kutosha rangi.